Upweke wa Mpwa Wangu, Ambao Nami Nilikuwemo

Mhariri Torleiv Indrehus,
Gazeti la Skardalsposten,
Skardal.

Ndugu Mhariri,

YAH: MAOMBI YA TANGAZO LA KIFO CHANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mama watoto, na kwamba mgongo ulioutegua ukiteleza thelujini kwa ski umeshapona. Mimi sijambo kabisa, isipokuwa nimefariki. Naomba subira yako nieleze.

Najua una kazi nyingi. Katika gazeti letu ni wewe unayeandika habari za mpira, za feri, za vifo na za muziki, na wiki iliyopita uliandika za muziki. Uliisifu santuri ya kwanza ya Skaregrav, iitwayo *Hakuna Aliye Hai*. Ulichukua ule upande wa ukurasa ambao kwa kawaida huwa wa bei za kondoo, ukairushia dadu, kama magazeti yetu yatoavyo alama, dadu ikaangukia tano kati ya sita. Hongera kwa kurusha vizuri. Skaregrav, kama bonde zima lijuavyo, ni Eilev, mtoto wa kaka yangu Oddvar wa kule kwenye mitambo ya mafuta baharini. Muziki wenyewe ni ule wa magitaa kunguruma na mtu kukoroma kama anayenyongwa, ambao vijana huuita metali nyeusi. Sina neno na muziki. Nimeishi na kondoo maisha yangu yote, masikio yangu yamezoea.

Neno langu ni hili. Uliandika kwamba santuri hiyo ni "kazi ya mtu mmoja". Ukaandika tena "mtu mmoja" aya iliyofuata, na tena chini ya picha, mpaka nikadhani unalipwa kwa kila mmoja. Kisha ukanukuu maneno yaliyopigwa chapa nyuma ya jalada, nami nayanakili hapa ili tusizushiane: "Kazi hii imetungwa, imepigwa na kurekodiwa na Skaregrav peke yake, katika upweke kamili, mbali na kiumbe chochote kilicho hai."

Eilev alikuja kwangu msimu ule wa kuteremsha kondoo kutoka milimani. Alitoka Bergen na ngoma zake zimefunguliwa vipande vipande, pamoja na msichana fulani ambaye hakuja naye na ambaye hatukumtaja hata siku moja. Alisimama mlangoni na mabegi yake, akasema, "Shangazi, nahitaji mahali pasipo na watu." Nikamjibu, "Basi umefika, mwanangu. Hapa nipo mimi tu." Nilidhani namkaribisha. Kumbe nilikuwa namthibitishia.

Malalamiko yangu, Ndugu Mhariri, ni kama ifuatavyo.

1. Jalada. Uliandika kwamba picha ya jalada inamwonyesha msanii "akiwa amesimama kileleni kwenye theluji, mgongo wake umebeba huzuni ya kaskazini nzima." Huo mgongo ni wangu. Kamera ilimhitaji mtu wa kuibonyeza, na Eilev hakuniamini, kwa sababu katika picha nilizompiga siku ya kipaimara chake vichwa vyote vilikatika. Akanivika joho lake, akanipaka uso kama maiti, jinsi wapigaji wa muziki huo wajipakavyo, kwa ile marhamu nyeupe ya chuchu za kondoo na masizi ya jiko, akaniambia, "Shangazi, panda pale juu, angalia mbali, na usitabasamu." Nikauliza, "Uso umenipaka wa nini kama naonekana mgongo?" Akasema, "Ili usimame kama mtu aliyepakwa." Nikasimama. Huzuni ya kaskazini nzima ni goti langu la kushoto. Nilipokwenda dukani juzi, Magnhild wa kwenye kaunta aliitazama picha hiyo gazetini, akainamisha kichwa, akasema, "Ajabu. Huyu kijana anasimama kama wewe ukingoja basi." Kisha akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Maskini, yuko peke yake kule juu. Anakula nini?" Nikasema anakula kwangu. Akasema, "Ndiyo, Gunnvor, lakini kiroho?"

2. Friza. Eilev alilala ghorofa ya chini na kurekodi zizini, na kinasa sauti chake kilikuwa kinasikia friza yangu iliyoko nyuma ya ukuta wa zizi. Alinieleza kwa upole kwamba giza lake lina mvumo. Nikaizima. Aliahidi ni kwa siku moja, lakini giza, nimejifunza, halina haraka. Samaki wangu wote wa majira ya baridi waliyeyuka, na matunda ya kinamasini niliyoyachuma nikiwa nimeinama na goti hilohilo yakageuka supu. Tulikula samaki asubuhi, mchana na jioni, tukinyamaza, kwa sababu Eilev alikuwa analinda koo lake. Wewe uliandika kwamba santuri ina "ukimya wa kutisha kati ya nyimbo". Ukimya huo ulikuwa na bei, na ulinuka.

3. Kinanda. Wimbo wa mwisho una kinanda cha kanisa. Vijana wa muziki huu huko nyuma walikuwa na sifa yao kuhusu makanisa, ya kuyachoma moto, si ya kuomba funguo. Wa kwetu alimtumia Kasisi Ragnfrid ujumbe wa simu wenye picha ya ua mwishoni. Kasisi akampa ufunguo, akamwonyesha kinanda, na kwa kuwa Eilev miguu yake haikufika vizuri kwenye pedali, Kasisi mwenyewe akakaa chini akazisukuma kwa mikono. Alimsihi kitu kimoja tu, akitoka azime hita. Kasisi hakutajwa. Nilipomuuliza kama hajaumia, alicheka, akasema, "Gunnvor, mimi nimezoea kufanya kazi na asiyeonekana." Hiyo ni sawa kwake, ameajiriwa kwa ajili hiyo. Mimi sikuajiriwa.

4. Yowe. Hapa naomba ukae chini, kwa ajili ya mgongo.

Uliandika hivi: "Katika wimbo wa tatu kijana huyu anatoa yowe ambalo sijapata kusikia mfano wake. Anashuka mahali ambapo hakuna mwimbaji wa bonde letu aliyewahi kufika." Mahali hapo, Ndugu Mhariri, ni mlangoni mwa zizi langu, kushoto kwa ndoo.

Kwa wiki nzima Eilev alikuwa amejaribu kupiga yowe akashindwa. Alikunywa asali, akalala chali, akajifunika blanketi kichwani. Kilichotoka kilikuwa kama mtu anayetaka kupiga chafya kanisani. Siku ile nilimkuta amekaa juu ya ndoo, kichwa mikononi. Akaniambia, "Shangazi, sina maumivu ya kutosha." Nikamwambia, "Ngoja ufike umri wangu, yatakuja yenyewe bila kuitwa." Nikarudi jikoni kumtengenezea maandazi ya iliki, kwa sababu mtu asiye na maumivu ya kutosha anaweza angalau kushiba.

Niliporudi nimebeba sinia, nilisahau kufunga lango nyuma yangu. Nina kondoo dume niitaye Askofu. Naomba gazeti lisiandike kwamba nilipigwa na askofu, kwa kuwa dayosisi ina mawakili. Nilipigwa na Askofu huyu wa pembe, kwa nyuma, kwa mwendo kasi. Niliruka. Sinia liliruka zaidi. Na kutoka ndani yangu ikatoka sauti ambayo hata mimi sikuwa na habari nayo, sauti ya mama yangu alipoletewa taarifa ya baba, ya kondoo walioanguka kutoka genge la Skuta, ya mambo mengi niliyokuwa nimeyakunja vizuri na kuyaweka kabatini. Eilev hakuja kuniinua. Alinyoosha kiganja kama polisi wa barabarani, akanong'ona, "Usisogee! Bado inarekodi."

Nikalala pale na iliki puani mpaka alipobonyeza kile kitufe chake. Ndipo akapiga magoti, akanifuta theluji usoni, macho yakimeremeta kama ya mtoto siku ya Krismasi. Akasema, "Shangazi! Shangazi yangu! Unaweza kurudia?"

Sasa watu wanamsimamisha dukani. Fundi wa feri alimuuliza mbele yangu, "Wee Eilev, ile sauti uliitoa wapi?" Akatazama chini, akajibu, "Ndani." Ni kweli tupu. Ndani ya zizi.

6. Lalamiko la tano nimelifuta. Lilihusu soksi za sufu, na nimeona halina hadhi.

Hili la sita ni maneno yale ya nyuma ya jalada. Santuri ilipofika kutoka kiwandani, Eilev aliileta jikoni, akaiweka mezani, akabaki amesimama na koti lake. Nilivaa miwani. Nikasoma mbele, nikageuza, nikasoma nyuma. "Mbali na kiumbe chochote kilicho hai." Alikuwa ananitazama kama anayengoja matokeo ya mtihani. Nikasema, "Karatasi ni nzuri. Nene." Akasema, "Ndiyo, nilichagua ile nene." Nikampakulia viazi.

Ndugu Mhariri, tangu mama afariki nimekaa nyumba hii peke yangu, na peke yangu naijua. Peke yako ni kupika kiazi kimoja, kisha kupika cha pili ili sufuria isikuone vibaya. Majira haya ya baridi nilipika sufuria imejaa. Nilisikia mtu anakohoa ghorofa ya chini. Nilikanyaga viatu vya mtu mwingine mlangoni nikatukana kwa furaha. Kisha naambiwa, kwa wino wa fedha juu ya karatasi nene, kwamba hakukuwa na mtu.

Mimi si mtu wa kubishana na maandishi. Nimetafakari jambo hili kwa utulivu nikiwa nakamua, na naomba unifuatilie hatua kwa hatua. Kilichopigwa chapa hakiwezi kuwa uongo, na wewe umekithibitisha gazetini. Eilev alikuwa mbali na kiumbe chochote kilicho hai. Mimi sikuwa mbali. Nilikuwa kati yake na jiko. Kwa hiyo mimi siko hai. Nimejaribu kuitafutia hoja hii tundu, sijaliona.

Nimelipokea hilo kwa moyo mkunjufu, na nimekwishaanza kuona manufaa yake. Kamati ya kupaka rangi gati ijulishwe kwamba siku ya kazi ya pamoja sitakuwepo, wala mwaka huu wala miaka ijayo, na brashi yangu ipewe mwingine. Kwaya itafute sauti nyingine ya chini. Zamu yangu ya kahawa baada ya ibada ichukuliwe na walio hai, ambao nimegundua ni wengi sana wanapokuja kunywa na wachache sana wanapokuja kuosha vikombe. Halmashauri isinitumie tena barua ya takataka, maana marehemu hatupi kitu. Na kwa kuwa kondoo wangu nao walikuwa zizini wakati wote huo, ni dhahiri nao ni marehemu. Hivyo wale walioingia bustani ya mwenyekiti wa halmashauri mwezi Mei wakala maua yake ya manjano walikuwa mizimu, na sijaona kifungu chochote cha sheria za mji wetu kinachotoza mizimu faini.

Kilichobaki ni utaratibu. Mtu hawezi kufa Skardal bila kutoka gazetini; wengine wamejaribu, watu wakaendelea kuwapigia simu. Ndiyo maana naomba, kwa heshima na taadhima, tangazo lenye fremu nyeusi, ukurasa wa nyuma, kama ifuatavyo:

"Gunnvor Skuteli wa Skardal ametutoka majira ya baridi, wakati wa kurekodiwa kwa santuri. Ameacha mpwa mmoja, ambaye hakugundua. Badala ya maua, tafadhali zima friza yako."

Picha itumike ile ya jalada. Sijawahi kupigwa nzuri zaidi.

Utauliza kwa nini sikumwambia Eilev mwenyewe, ilhali yuko chini yangu hapa hapa, namsikia anatafuta soksi. Ni swali zuri. Sisi wa ukoo huu huzungumza kuhusu chakula, hali ya hewa na kondoo mgonjwa, na yeye hakuwa chakula wala kondoo. Siku moja nilijaribu. Nilimuuliza, "Hivi wewe kule zizini hujisikii una mtu?" Akafikiri sana, maana ni kijana wa kufikiri, akanijibu, "Hapana, Shangazi. Ukiwepo wewe ni kama hakuna mtu." Alisema hivyo kwa upendo, akitafuna. Nimelibeba neno hilo kutwa kucha nikiligeuza kama mkate motoni, na bado sijajua upande wake ulioiva.

Nifikishie salamu kwa mkeo, kwa Kasisi Ragnfrid na mikono yake, kwa Magnhild wa dukani, kwa mafundi wa feri, kwa mwenyekiti wa halmashauri na kilichobaki cha bustani yake, na kwa wote wanaonikumbuka.

Ni mimi niliyekuwa msomaji wako mwaminifu, na niliyekuwa nimelipia gazeti hadi Desemba,

Hayati Gunnvor Skuteli

Tanbihi:

Ndugu Mhariri, barua hii nilikuwa nimeshaitia kwenye bahasha, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Tafadhali tangazo la kifo lisitoke. Jumamosi nina safari.

Eilev amepanda sasa hivi kutoka chini akiwa na simu mkononi. Amekaa bila kugusa sahani. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Shangazi, wameniita Bergen. Wanataka nipande jukwaani. Watu mia nne."

Nikasema, "Si ndilo ulilokuwa unalitaka?"

Akasema, "Peke yangu."

Nikasema, kwa uchungu wote wa barua hii uliokuwa bado umenijaa kinywani, "Si ndiyo kazi yako hiyo? Peke yako, mbali na kiumbe chochote?"

Akasugua meza kwa kidole. Ana umri wa kuoa huyu, na ndevu juu yake, lakini uso ulikuwa ule aliokuwa nao alipokuwa akiachwa gatini na begi lake kila Oddvar alipokwenda baharini, akijikaza asilie mbele ya mafundi wa feri. Akasema, "Hapa nilikuwa peke yangu lakini nilikuwa nakusikia unatembea juu. Nikisikia miguu yako najua naweza kwenda mbali kadiri nitakavyo. Kule, Shangazi, nikiwa peke yangu nitakuwa peke yangu kweli."

Nilikwenda kutazama viazi. Havikuwa na shida yoyote. Nilipogeuka nikamwambia nitakwenda, nitabeba nyaya. Nitasimama gizani nyuma ya pazia, mahali anaponisikia nikitembea, na wimbo wa tatu ukifika, nitafanya kazi yangu. Askofu hawezi kupanda feri, nitajua mwenyewe la kufikiria.

Akafurahi mpaka akanimiminia kahawa, kisha akasema atalitangaza jina langu mbele ya watu wote. Nimemkatalia katakata. Nani atamwogopa Skaregrav akijua ni kijana na shangazi yake? Watu wamelipa waje waone upweke, waonyeshwe upweke. Kwa hiyo nakuomba uichome barua hii, na haya yote usimwambie mtu, hasa Magnhild.

Kama gazeti litakutuma Bergen, njoo. Ukiona kizee chenye kofia ya sufu kinapita nyuma ya ngoma, hicho ni kifaa. Andika kwamba alikuwa mtu mmoja, andika mara nyingi upendavyo. Yowe likitoka vizuri ni lake. Likikatika, andika jina langu, na safari hii usilikosee herufi kama mlivyozoea: n mbili.

G. S.